Marehemu Anaishi Kawangware

Soweto East, Kibera
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama,

Nimekupigia jana jioni na leo asubuhi, simu inaita mpaka inakatika. Nimemuuliza Joan, akasema uko sawa, unashona tu. Kwa hivyo nimeona nikuandikie. Kesho akitoka kazini kwake saluni, kule mtaa wa Ayany, atapita hapa studio achukue barua hii.

Asante kwa kuja kuona maonyesho yetu. Sikukutarajia. Joan alikuwa amesema Jumamosi huwezi kuacha cherehani kwa sababu ya sare za shule, na nilipokuona mlangoni na kitenge kipya, kitambaa kichwani kama siku ya harusi, nilishtuka.

Ninajua unachofikiria. Nilipomwambia yule mgeni mwenye nywele nyeupe kwamba wewe ni shangazi yangu, maneno yalinitoka tu. Kulikuwa na kelele, watu wananivuta huku na huku, Isaac ananiita nisimame na wageni tupigwe picha. Isaac ndiye msimamizi wa studio, akikuita huwezi kusema ngoja. Na hawa wageni wanauliza sana mambo ya familia. Nilikuwa nakukinga. Ukiwa shangazi hawatakusumbua.

Nilipogeuka ulikuwa umeenda. Adero, yule msichana anayechora kwa makaa, tunayekaa meza moja, alisema uliaga vizuri na hukutaka hata soda.

Usiliweke jambo hili moyoni, Mama. Ni mambo ya kazi. Jumamosi ijayo kuna wageni wengine, lakini usijisumbue kuja. Nitakuja mimi huko siku nikipata nafasi.

Mwanao,
Timothy


Kongo, Kawangware
Jumatano, 12 Machi 2025

Timothy mwanangu,

Barua yako Joan amenipa. Simu nilikuwa naiona ikiita. Sikuishika kwa sababu wewe umelelewa katika hii ploti na unayajua mabati yetu. Mtu akikohoa kwake, jirani anampa pole. Nilicho nacho sikutaka Mama Ndululu akisikie kabla yako.

Ngoja nikueleze kilichotokea ulipokuwa unapigwa picha.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ile picha ya mwanamke aliyeinamia karai la nguo, tunamwona mgongo tu. Nilikuwa na furaha. Mtu haujui mgongo wake mwenyewe, lakini niliijua ile leso, na nililijua lile goti la kushoto ambalo halikunjiki. Nikasema moyoni, kumbe miaka hiyo yote huyu mtoto alikuwa ananiangalia.

Yule mgeni akaja na Adero. Akasema kitu, Adero akanitafsiria: "Anauliza, Auntie, kama ulimjua mama yake Timothy kabla hajafa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema, "Nani?" Adero akanionyesha kile kikaratasi kilichobandikwa kando ya picha. Kizungu changu ni cha polepole, lakini neno la mama na neno la kufa niliyasoma shuleni.

Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama kule karibu na meza ya soda, unanitazama. Unaniandikia kwamba ulipogeuka nilikuwa nimeenda. Timothy, ulinitazama, kisha ukatazama viatu vyako.

Basi nikasema, "Nilimjua." Mgeni akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Adero akasema, anakupa pole. Nikajibu, asante. Nimezika wazazi, nimemzika baba yako, nimepewa pole nyingi katika maisha haya, lakini sijawahi kupokea rambirambi za kifo changu.

Kina mama wa kanisa wananiuliza maonyesho yalikuwaje, kwa sababu ni mimi niliyewatangazia. Nawaambia yalikuwa mazuri, kisha nainamisha kichwa kama ninayetafuta sindano.

Usikimbilie kuniomba msamaha. Nataka uniambie nilikufa vipi. Mtu mwingine akiniuliza nisije nikakosea.

Ni mimi,
Nanyama


Soweto East, Kibera
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mama,

Ulikufa kwa homa. Nilikuwa na miaka saba. Nimeandika hivyo kwa sababu umeuliza.

Acha nikueleze ilivyoanza. Mwaka ule nilipoingia studio, mgeni mmoja aliniuliza habari za wazazi. Nilimwambia ukweli: baba alifariki, mama amenilea kwa kufulia watu na kushona. Alipoandika kwenye mtandao akaandika yatima. Sijui ni kusikia vibaya au ni kutaka. Nilipoisoma nilicheka, nikawaza nitamwambia arekebishe. Wiki hiyo hiyo picha zangu ambazo zilikuwa zimeegemea ukuta mwaka mzima zilianza kuulizwa. Sikumwambia arekebishe.

Aliyefuata akaniuliza kuhusu mama yangu. Nilinyamaza kwa sababu sikujua niseme nini. Akadhani kunyamaza kwangu ni huzuni. Baadaye sikunyamaza tena. Nilijifunza kusimulia. Siku hizi hata machozi yanakuja, Mama, na hayo si ya kuigiza, sijui ni ya nini.

Sasa nimechaguliwa kwenda ng'ambo miezi mitatu, nipewe chumba cha kufanyia kazi na maonyesho yangu peke yangu. Katika studio hii hakuna aliyewahi kupata hivyo. Picha iliyofanya nichaguliwe ni hiyo ya karai. Isaac anataka tutengeneze filamu fupi ya maisha yangu tuitume mapema, na Adero ndiye ataitengeneza. Atakutafuta. Yeye hajui chochote.

Ninakuomba useme vile ulivyosema siku ile. Shangazi, umenilea, mama alikufa. Mambo machache tu. Tena nimewaambia sina ndugu, kwa hivyo Joan akiwepo siku hiyo, labda atoke kidogo.

Naona aibu kukuandikia haya. Lakini hii nafasi haitapita Soweto East mara mbili. Nikirudi nitarekebisha kila kitu.

Mwanao,
Timothy


Soweto East, Kibera
Jumanne, 18 Machi 2025

Shangazi Nanyama,

Ni Adero, yule aliyekutafsiria siku ya maonyesho. Naomba niendelee kukuita Auntie. Timothy amesema simu yako inasumbua, ndiyo nimempa Joan wa saluni barua hii. Timothy anasema ni jirani yenu.

Tunatengeneza filamu fupi kuhusu Timothy na ningependa kuja Kawangware tuongee juu ya marehemu wifi yako. Si mambo makubwa. Alipenda kuimba nini, alipika nini, alikuwa mkali au mpole. Kama kuna picha yake hata moja, au nguo yake iliyobaki, tutaitunza.

Acha nikuambie kwa nini nimeiomba kazi hii mwenyewe. Mama yangu alifariki mwaka wa ugonjwa ule wa barakoa, hospitali hawakuturuhusu kumkaribia. Kabla hajapelekwa aliniomba nimsuke nywele. Alisema hataki kwenda mbele za Mungu kichwa kikiwa ovyo. Nilimsuka mistari minne tu, gari likafika. Nilikaa muda mrefu bila kumwambia mtu. Wa kwanza kumwambia alikuwa Timothy, kwa sababu nilijua yeye pia amefiwa. Baadaye nilimsikia akiwaeleza wageni kwamba hata mama yake aliomba kusukwa kabla hajafa. Nilitoka nje nikalia. Nilidhani labda mama wote huomba hivyo. Tangu siku hiyo namchukulia kama ndugu.

Kwa hivyo, Auntie, sitakuja kama mgeni wa kuuliza maswali. Nitakuja kama mtu anayeelewa.

Wako kwa heshima,
Adero


Kongo, Kawangware
Alhamisi, 20 Machi 2025

Binti yangu Adero,

Pole kwa mama yako. Hilo ndilo la kwanza, na mengine yote yanaweza kungoja.

Nimejaribu kukuandikia habari unazotaka na mkono umekataa. Njoo Jumapili saa nane, kanisa likiwa limetoka. Ukifika Kongo muulize yeyote fundi wa sare za shule. Kamera iache huko. Ukitaka kuirudia siku nyingine utairudia.

Ni mimi,
Nanyama


Laini Saba, Kibera
Jumatatu, 24 Machi 2025

Timothy,

Ninakuandikia kwa sababu leo siji studio, na kesho nikija sitaki tuongee mbele ya watu.

Jana nilienda Kongo. Nilimuuliza mwanamke mmoja anayeuza samaki wa omena kwake Nanyama ni wapi. Akasema, "Mama Timo? Mlango wa pili, ule wa pazia la kijani." Nilidhani wanamwita hivyo kwa sababu amekulea.

Joan ndiye aliyefungua. Joan wa saluni. Ana pua yako na anakunja uso kama wewe. Hakunisalimia.

Nilikuwa nimebeba maua, Timo. Nilikuwa nimeyanunua ili tuyaweke mbele ya picha ya marehemu kama ipo. Nikayaweka mezani. Shangazi yako, nilikuwa bado namwita hivyo, alikuwa amevaa kile kitenge cha maonyesho na amepika chai nzito ya maziwa. Alikuwa mtulivu. Nikaanza kuuliza. Nilipofika kwa nywele akasema, kama aliyetaka kuyasikia upya niliyoandika, "Nywele gani?"

Nikamweleza vile wewe hueleza, kwamba siku ya mwisho mama yako aliomba asukwe.

Akaweka kikombe chini. "Timothy ndiye amesema hivyo?"

"Ndiyo, Auntie."

"Na mama yako wewe, Adero, nimesoma barua yako. Hebu nisimulie kwa mdomo."

Nikamsimulia. Nikiwa katikati nilijisikia. Maneno yangu yalikuwa yanatoka mdomoni na ni yale yale, hata kichwa kuwa ovyo, hata mistari minne.  Tukatazamana. Nafikiri tulipata hakika wakati mmoja, yeye na mimi.

Akasema, "Mwanangu, yule marehemu ni mimi."

Joan akatoka nje akaubamiza mlango. Mama yako hakulia. Alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, "Nilitaka kukudanganya vile alivyoniomba. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini nimeshindwa kukichukua kifo cha mama yako kikawa changu."

Na mimi nimekaa hapo na maua yangu mezani. Sikujua niyaondoe au niyaache. Nimewahi kufanya mambo ya kijinga lakini sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa hata yangu, ilikuwa yako, uliniachia niibebe.

Siku ya kumbukumbu ya mama yangu ulinishika mkono ukasema, "Najua." Ulikuwa unajua nini?

Sitamwambia Isaac. Si kazi yangu. Filamu sitengenezi. Nimehamisha vitu vyangu kwenye meza ya dirishani.

Adero


Soweto East, Kibera
Jumanne, 25 Machi 2025

Mama,

Nilikuomba jambo moja. Watu wengine huomba mama zao mashamba. Mimi nilikuomba useme sentensi mbili.

Ulitaka nini? Nikae hapo Kongo nikutilie vifungo kwenye sare mpaka nizeeke? Ulipokuwa hai hakuna mtu aliyesimama mbele ya kazi yangu. Ulipokufa ndipo watu wakaanza kuniona.

Nilikuwa naondoka. Sasa kila nikisikia Isaac akiita jina langu nadhani ameshajua.

Usinijibu.

Timothy


Kongo, Kawangware
Jumapili, 6 Aprili 2025

Timo,

Hii si ya mathe, ni yangu. Hata hajui naandika.

Ile barua yako aliisoma amesimama mlangoni. Alimaliza, akaikunja, akarudi kwa cherehani, akashona mkono wa shati ndani nje. Mathe, ambaye hajawahi kukosea mshono. Nikaisoma alipoenda kuteka maji. Manze, Timo, hiyo ulikuwa unamwandikia nani?

Sikia sasa. Jumapili iliyopita kina mama walibaki kanisani kwa maombi yao. Unajua yeye ndiye huwaongoza. Akasimama akasema hawezi kuongoza tena kwa sababu amesema uongo mbele ya watu na karibu auseme mara ya pili. Wakamuuliza uongo gani. Angesema ni mambo ya nyumbani yaishe. Lakini wewe unamjua. Akasema, "Mtoto wangu amewaambia watu nimekufa, na mimi nikakubali."  Mmoja akaanza wimbo, wengine hawakuitikia, wimbo ukafa njiani. Mathe akachukua mkoba wake akatoka.

Mama Ndululu alikuwa hapo, kwa hivyo kufika jioni ploti nzima ilikuwa inajua. Watu wazima wanajifanya hawajui. Lakini watoto ni watoto. Wanamwita Marehemu. Hawana ubaya, ni mchezo tu. Anapita wanasema, "Marehemu, habari yako." Anawajibu, "Nzuri, wajukuu." Kisha anaingia anafunga pazia.

Mimi hukuniua. Uliniita jirani. Nimejaribu kujua gani ni mbaya zaidi, nimeshindwa.

Umetuchoma, Timo. Barua zenu sibebi tena. Ukiwa na neno, miguu unayo, na Kawangware iko pale pale.

Joan


Soweto East, Kibera
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mama,

Joan amekataa kubeba, na ni haki yake. Barua hii nimempa Adero. Haongei nami, lakini nimesikia huja kwako Jumapili. Nilipomnyooshea hakuuliza kitu, aliichukua akaiweka kwenye mkoba.

Naanza na ile barua niliyokuandikia nikiwa na hasira. Sina la kuitetea. Nikisema sikumaanisha nitakuwa nimeongeza uongo mwingine, kwa sababu siku ile nilimaanisha. Ndiyo inanitisha.

Jumanne niliwaambia. Tulikuwa na mkutano wa studio wa kila mwezi, watu wote kwenye mabenchi, Isaac anaeleza habari za safari yangu na vile ni sifa kwetu sote. Wakapiga makofi. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama yangu yuko hai. Yule aliyekuja na kitenge ndiye mama yangu."

Kuna aliyecheka, akidhani ni mzaha. Isaac akasema, "Rudia." Nikarudia. Nikasema pia kwamba Joan wa saluni ni dada yangu, na kwamba ile habari ya nywele niliiiba kwa Adero. Adero alikuwa anachonga penseli dirishani. Hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama.

Isaac hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuliza, "Nilipokuwa nawatembeza wageni mbele ya ile picha, nikisimulia kwa mdomo wangu, wewe ulikuwa unaniangalia tu?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akatoka nje.

Halafu Syokau akaongea. Syokau anachonga mbao, ni mtu wa maneno machache. Yeye hana baba wala mama, hilo kila mtu anajua, alilala sokoni akiwa mtoto. Aliniambia, "Mimi sijawahi kuandika hayo kwenye kikaratasi, kwa sababu nilitaka watu waangalie mbao. Sasa siku nikitaka kuyasema, nani ataniamini?"  

Isaac aliwaandikia watu wa ng'ambo siku hiyo hiyo. Wamejibu kwamba wanasikitika, nafasi atapewa mtu wa nchi nyingine. Hawatachukua mtu kutoka studio yetu mwaka huu. Si mimi tu niliyekosa, Mama. Hakuna anayenirudishia neno nikisema habari ya asubuhi.

Picha ya karai niliishusha mwenyewe. Nilikuwa nimefungua mkebe wa rangi nyeupe niifunike yote. Adero akasema kutoka dirishani, neno lake la pekee kwangu tangu Machi, "Unataka kumwua mara ya pili?" Nikafunga mkebe. Nimeigeuza ikatazama ukuta.

Kuna jambo moja hulijui. Alhamisi nilikuja Kongo. Nilifika mpaka pale kwa kibanda cha nyuzi, nikakuona unachagua uzi wa kijani, unauweka kwenye mwanga. Ulikuwa umekonda. Mtoto mmoja wa kike alipita na mkebe wa maji akasema, "Marehemu, habari." Ukasema, "Nzuri, mjukuu." Ukaendelea kuchagua uzi.

Miguu iligeuka, Mama. Sikuigeuza mimi. Nilitembea mpaka Kibera bila kuinua uso.

Nataka kuja na naona aibu. Nikiwaza kupita mbele ya watu wa ploti nahisi nguo zimenivuka. Niambie nifanye nini. Ukisema nisije, nitaelewa.

Mwanao,
Timothy


Kongo, Kawangware
Jumatano, 16 Aprili 2025

Timothy,

Adero ameleta barua yako. Amekaa, tumekunywa chai, ameenda. Yeye huja tu. Kuna siku amenisuka, kuna siku tunanyamaza mpaka jioni inakaribia, na hakuna kati yetu anayeona vibaya.

Pole kwa safari. Nasema pole ya kweli. Mama hafurahi mtoto akikosa, hata akikosa kwa mkono wake. Nimejikuta nikiomba kwamba wale watu wabadilishe nia wakuchukue, halafu nikakumbuka wanayemtaka ni mtu asiye na mama, nikamwonea Mungu haya nikaacha.

Umefanya vizuri kuwaambia. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu Syokau na Isaac si wangu kuwasamehea.

Ile barua yako ya hasira, nimekaa nayo. Ulisema nilipokufa ndipo watu walipoanza kukuona. Joan analia akiikumbuka, anasema ni matusi. Mimi kinachoniuma ni kwamba huenda ni kweli. Siku ile nilikuwa nimesimama kando ya mgongo wangu mwenyewe. Leso ile ile, goti lile lile. Wageni walipita, wakaitazama picha, wakasikitika, wakaniomba nisogee kidogo waione vizuri. Hakuna hata mmoja aliyelinganisha. Nilirudi nyumbani nikawaza, labda mtoto hakudanganya sana. Hilo ndilo wazo ulilonipa nilale nalo, na bado sijajua nitaliondoa vipi.

Tena sikuambii haya ili niwe mtakatifu. Nilipokuwa nimejiandaa kwa Adero, nilikuwa nimejitungia hata ugonjwa. Nilikuwa nimechagua mwezi wa kufa. Nilikuwa tayari, Timothy, kwa ajili yako, na sehemu moja ya moyo wangu iliona fahari kuwa na mtoto wa kusafiri. Kwa hivyo aibu hii tumeichuma shamba moja. Kina mama wamenitumia ujumbe nirudi. Nimewaambia bado. Mtu akiniita Mama Timo naangalia chini kabla sijaitika.

Umeuliza ufanye nini. Njoo. Lakini sikiliza namna ya kuja.

Usije jioni kama mtu anayejificha. Usije Pasaka, siku hiyo Kongo imejaa wageni na hakuna atakayekutambua. Njoo Jumamosi ya kawaida, asubuhi, maji yakiwa yamefunguliwa, kina mama wote wako mferejini na watoto wako nje. Sitakuja kukulaki njiani na sitamtuma Joan. Upite katikati yao. Mama Ndululu atakutazama mpaka umalize kupita, mwache akutazame. Na kama mtoto ataniita lile jina lao, uwepo ulisikie ukiwa karibu, si kwa kujificha kwenye kibanda cha nyuzi.

Usibebe kitu. Usipige magoti, utanizidishia aibu. Ukifika mferejini, kabla hujafika kwenye mlango, niite. Si kwa kunong'ona. Niite vile ulivyokuwa ukiniita ukitoka shule na njaa, mpaka walio ndani wafungue mapazia.

Joan anasema nisiitike. Mimi nimemwambia nitaitika. Nikishaitika sijui kitakachofuata, labda tutakaa bila neno, labda nitakufukuza. Lakini kuitika nitaitika, kwa sauti, na wao wote wasikie ni nani ameita na ni nani amejibu.

Ni mimi,
Nanyama